Kurudi Dodoma kutoka Unguja: ndege imefutwa, tumerudi na treni ya SGR

Jumamosi, Unguja

Likizo imeisha leo, tumeanza safari ya kurudi Dodoma na naandika kila siku ilivyokwenda, maana najua watu wa huku kwetu wengi wanasafiri hiki kipindi cha mwanzo wa Januari shule zikikaribia kufunguliwa na viwanja vya ndege vinafurika. Tuko watano, mimi, mama yangu, watoto wangu wawili na mdogo wangu wa kiume. Baba watoto alishatangulia nyumbani kazini. Mama ana sukari na magoti yanamsumbua, kwa hiyo kila nitakachosema humu kuhusu foleni ujue nilikuwa namwangalia yeye kwanza, mimi na watoto tunaweza kukaa hata chini sakafuni ila mtu wa sukari akipitisha muda wa kula mambo yanageuka haraka sana.

Ndege yetu ilikuwa saa tisa alasiri, Unguja mpaka Dar, halafu Dar mpaka Dodoma jioni hiyohiyo, tiketi moja yenye namba moja ya bukingi. Shikilia hilo la tiketi moja, litarudi.

Tumetoka Paje saa nne asubuhi. Ni kama saa moja hivi mpaka uwanja wa ndege ila siku kama ya leo usibahatishe. Foleni ilianzia nje kabisa, pale kwenye skana ya kwanza ya mlangoni, watalii na mabegi yao makubwa, familia za bara na vikapu, watoto wanalia, joto la Unguja mnalijua. Nilichofanya ni kwenda moja kwa moja kwa mfanyakazi wa shirika nikamwambia mama aliombewa kiti cha magurudumu tangu tunakata tiketi. Wameleta ndani ya dakika chache, na mwenye kiti hapangi foleni ndefu, anapitishwa pembeni na anayemsindikiza anapita naye. Watu wengi wanaona aibu kuwaombea wazazi wao kiti eti mama bado anatembea. Anatembea ndiyo, lakini kusimama saa mbili sio kutembea. Omba, ni huduma ya bure na ipo kwa ajili yao.

Kwenye skana kuna vitu viwili vinachelewesha foleni nzima. Cha kwanza ni power bank, watu wanaiweka kwenye begi kubwa linaloenda chini ya ndege na hairuhusiwi huko, betri za lithiamu zikishika moto kule kwenye mizigo hakuna wa kuzima, inatakiwa ukae nayo kwenye begi la mkononi. Sasa begi linafunguliwa mbele za watu, nguo zinatolewa moja moja mpaka ipatikane, nyuma watu mia wanasubiri. Cha pili leo kilikuwa doriani. Mzee mmoja mbele yetu alikuwa na doriani kubwa amelifunga kwenye kanga mara mbili na mfuko juu yake, harufu imeshamtangulia kabla hajafika, wakamwambia baba hili halipandi. Akabembeleza weee, analipeleka kwa mjukuu wake Tabora hajawahi kuliona, akaambiwa haiwezekani. Alirudi nje taratibu akampa dereva teksi. Nimemuonea huruma kweli, lakini harufu ile ndani ya ndege iliyofungwa ingebaki kwenye viti siku nzima.

Mizigo yetu ikapimwa, kila begi lisizidi kilo 23, la mama lina viungo, mdalasini, iliki, pilipili manga, na makopo ya halua ya majirani. Kabla halijaondoka kwenye mkanda niliangalia ile lebo ndefu ya karatasi inayofungwa kwenye mpini, lazima isome mwisho wa safari yako, yetu imeandikwa DOD kwa Dodoma na juu yake DAR pa kubadilishia. Vile vistika vidogo wanavyokupa nikavipiga picha, na mabegi yenyewe nikayapiga picha. Dawa zote za mama ziko kwenye mkoba wangu, sindano, kipimo, biskuti na juisi. Dawa haziendi chini ya ndege hata siku moja.

Saa nane na nusu skrini bado inasema ndege iko kwa wakati. Mdogo wangu akafungua Flightradar24 kwenye simu, ile programu inaonyesha ndege zilipo angani, akaniambia dada hebu ona, ndege yetu bado iko mkoa mwingine, haijaruka kabisa. Yaani tangazo linasema saa tisa na ndege yenyewe haijafika hata karibu na bahari. Hapo ndipo nikaelewa siku yetu itakavyokuwa. Ndege za ndani hazikai kusubiri abiria wa njia moja, ndege moja inaweza kwenda Mwanza asubuhi, ikarudi Dar, ikaenda Kilimanjaro, ikaja Unguja, ikichelewa saa moja asubuhi ule uchelewaji unabebwa njia nzima na unakua kila inapotua, anayepanda jioni ndiye analipa wote. Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa nasema ukiweza kata ndege ya kwanza ya asubuhi, mara nyingi imelala palepale uwanjani.

Nikaenda kaunta kabla tangazo halijatoka. Nilikuwa mtu wa tatu. Nikamwambia yule kijana kwa upole, mdogo wangu, naona ndege bado haijaondoka huko iliko na sisi tuna ya kuunganisha Dar jioni, tutaikosa, tusaidie mapema. Kidogo alishtuka, akapiga simu, akarudi akakubali kwamba ni kweli. Akaniandikia jina langu na namba ya bukingi. Dakika ishirini baadaye tangazo likatoka na foleni ya kaunta ikafika mlangoni.

Tumeruka giza linaingia. Unguja mpaka Dar angani ni dakika ishirini tu, unapanda unashuka, sisi tumeisubiri zaidi ya saa tatu.

Dar ndege ya Dodoma imeshaondoka. Sasa hapa ndipo ile tiketi moja inapofanya kazi. Kwa kuwa wametuuzia safari nzima, Unguja mpaka Dodoma, jukumu la kutufikisha ni lao, wakatuhamishia ndege ya kesho saa nne asubuhi bila kulipa kitu, na hoteli ya kulala na chakula. Hoteli haikuja yenyewe, nimeuliza mara ya kwanza nikaambiwa subiri, nikauliza tena nikamwonyesha mama kwenye kiti na kipimo chake cha sukari mkononi, ndipo wakatoa karatasi. Kulikuwa na kaka mmoja anayekaa mtaa wa Kisasa, Dodoma, tumekaa naye ndege moja kutoka Unguja, yeye alikata shirika moja kuja Dar na jingine kwenda Dodoma, kila mmoja anamwambia sio wetu. Amenunua tiketi mpya kwa bei ya usiku ule. Nimeumia kwa niaba yake.

Mama amekula saa mbili usiku, sukari iko sawa. Tumelala.

Jumapili, Dar

Siku nzito.

Tumefika uwanjani saa mbili asubuhi, mizigo tukaambiwa imebaki kwao tangu jana na itapanda na sisi. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu tangazo, ndege imechelewa kwa sababu ya hali ya hewa Dodoma. Nikampigia dada yangu anayekaa Ipagala, Dodoma, nikamuuliza huko kukoje, akasema jua kali mbingu nyeupe nimeanika nguo toka alfajiri. Nikarudi kaunta nikasema, dada yangu yuko Dodoma muda huu, hakuna wingu, naomba mtuambie ukweli tu, hatutagomba. Yule dada wa kaunta akanitazama akasema kwa sauti ya chini kwamba ndege ina hitilafu na mafundi wanaiangalia.

Hapo niliishiwa maneno. Ndege mbovu nani anataka kuipanda? Hakuna hata mmoja pale angekasirika kuambiwa mafundi wako kazini, tungekaa tukasubiri kwa amani. Lakini ukinidanganya sababu nakosa la kuamua, sijui nimpe mama sindano sasa au nisubiri, sijui niwapeleke watoto wakale au tutaitwa getini dakika tano zijazo. Mtu wa sukari anachoma sindano akijua chakula kiko mbele yake, sio kiko huko hewani baada ya saa moja. Nasema hili kwa mashirika yote na kwa moyo wangu wote, tuambieni ukweli na mtuambie mapema, hata kama ukweli ni kwamba hamjui. Ndicho tunachohitaji kuliko juisi na sambusa.

Nikaamua mwenyewe. Nimemlisha mama saa sita kamili, wali na samaki wa mgahawani, ghali ila sijali, risiti nimeweka.

Mchana wamesema ndege imepona. Halafu sasa hali ya hewa kweli ikaharibika, dada kanitumia picha saa tisa, wingu jeusi limesimama upande wa Chamwino, na Januari ndiyo mvua zetu za Dodoma, tunaziombea mwaka mzima kwa hiyo siwezi kuzilaumu. Mawingu yale ya radi yanayopanda juu kama mlima rubani hayapiti katikati, anazunguka au anasubiri, na ni haki yake. Tatizo ni kwamba kusubiri kuna mwisho. Marubani na wahudumu wana saa maalumu za kuwa kazini kwa sheria za anga, zikiisha hawaruhusiwi kuruka hata kama ndege nzima na mvua imekatika. Kama tungeondoka asubuhi tungekuwa tumefika kabla ya wingu. Saa kumi na moja jioni safari imefutwa.

Kelele zilizotokea hapo sitaziandika. Ila nitaandika tulivyofanya maana imetusaidia. Hatukwenda wote kupanga foleni. Mdogo wangu alikimbia akashika nafasi kaunta, mimi nikapiga namba ya huduma kwa wateja nikiwa nimekaa pembeni na mama, na huku simu inaita kwenye spika nikafungua tovuti ya SGR kwenye simu nyingine. Huduma kwa wateja wamepokea kabla mdogo wangu hajasogea hata hatua kumi. Nafasi ya watu watano pamoja ni Jumanne. Jumanne! Watoto shule inafunguliwa, mimi kazini wananisubiri, dawa za mama zinaisha Jumanne asubuhi. Nikaangalia treni, ya kesho ina siti. Nauli ya treni ya kawaida Dar mpaka Dodoma ilikuwa shilingi 31,000, watoto nusu. Nikajaza majina na namba za NIDA, nikapata kontrol namba ya kulipia, nikalipa kwa simu palepale, dakika kumi. Ndipo nikawaambia wa ndege sisi hatutaki Jumanne, tunataka kurudishiwa hela ya kipande cha Dar kwenda Dodoma, na nikaomba waandike kwenye barua pepe kwamba safari imefutwa na wao. Usiondoke uwanjani bila hiyo karatasi au barua pepe.

Kwenye foleni kulikuwa na mama mmoja wakili anatoka Johannesburg anakuja Dodoma, akatufundisha mengi. Amesema kwa safari za kimataifa kuna Mkataba wa Montreal wa 1999 na Tanzania imo, na kama tiketi yako ni moja kutoka nje mpaka Dodoma basi hata hiki kipande cha ndani kinahesabika kuwa cha kimataifa. Mkataba unasema shirika linawajibika kwa hasara iliyotokana na kuchelewa, labda lithibitishe lilifanya kila linalowezekana kuizuia. Lakini ni hasara uliyoipata na unayoweza kuionyesha, hoteli, chakula, usafiri, kwa hiyo risiti ndiyo mdomo wako. Zile euro 250 mpaka 600 watu wanazozisoma mtandaoni ni sheria ya Ulaya, haihusiki na ndege ya Dar kwenda Dodoma. Na sisi wa safari za ndani akasema tuanze na shirika kwa maandishi, wakikaa kimya twende TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wana baraza la watumiaji kwa ajili ya malalamiko haya haya. Watu walimzunguka pale wanarekodi kwa simu.

Kisha kudai mizigo. Mabegi matatu yametoka, la mama halipo. Tumekaa pale kwenye mkanda mpaka ukazimwa. Nikaonyesha kile kistika na picha ya begi, wakaskani namba, kumbe jana usiku limepelekwa Mwanza. Watu wanaondoka na hasira zao wanasema nitakuja kesho, hapana, andikisha kabla hujatoka ukumbi wa mizigo, kuna fomu ya ripoti ya mzigo uliopotea na ina namba ya kumbukumbu, bila hiyo namba huna cha kufuatilia. Nikaandika rangi, ukubwa, vilivyomo kimoja kimoja, na nikasema lipelekwe Dodoma, lisiletwe Dar.

Mama kanishika mkono akasema, mwanangu ni viungo tu, twende. Nikamwambia mama ni viungo lakini ni vyako.

Tumelala kwa shangazi Gongo la Mboto. Katupokea saa tatu usiku na ugali na dagaa, hakuuliza chochote mpaka tumemaliza kula.

Jumatatu, treni

Hii ni fupi maana mambo yakienda vizuri hayana maneno mengi. Kwa vile shangazi yuko Gongo la Mboto tumepandia Pugu badala ya kurudi mjini, treni ya kawaida inasimama pale. Ukaguzi wa mizigo upo kama wa uwanja wa ndege, kitambulisho wanaangalia, na wahi kwelikweli maana treni haikusubiri. Wafanyakazi wamempandisha mama kwa adabu zote.

Watoto wamekaa dirishani wanasoma spidi kwenye skrini, ikifika 160 wanapiga kelele. Morogoro, Kilosa, halafu yale mahandaki milimani, mwanangu mdogo anahesabu giza kila tukiingia. Baada ya Gulwe mibuyu ikaanza na mama akanyamaza anaangalia nje. Mvua imepita, majani yameota, korongo zina maji mekundu. Yeye mtu wa Mpwapwa, kule ni kwao.

Dodoma baba watoto anatusubiri stesheni. Bodaboda mmoja mzee akamsalimia mama kwa Kigogo, mbukwenyi, mama akaitikia kwa furaha ambayo sikuiona tangu Jumamosi. Kwenda duka la dawa kwanza, kisha nyumbani.

Jumanne, Dodoma

Uwanja wetu uko katikati ya mji, ukiwa Area C unaona ndege zinashuka, kwa hiyo nimetoka kazini saa saba nikaenda kufuatilia begi. Zile mita chache za ukumbi hazina pa kujificha, ukiingia unaonana na msimamizi uso kwa uso, na hilo peke yake ni faida ambayo naomba isipotee huduma zikihamia uwanja mpya wa Msalato.

Begi limefika na ndege ya asubuhi. Lebo ya Mwanza ilibandikwa juu ya ile yetu ya DOD, mtu alibandika bila kuisoma ya chini. Kabla sijasaini nimelifungua palepale mbele yao, yule kijana akasema dada saini kwanza, nikasema hapana kaka yangu, naangalia kwanza. Zipu moja imekatika na kopo moja la halua limepasuka limemwagikia mdalasini, iliki iko salama. Wameandika uharibifu kwenye fomu, mimi nimepiga picha. Yule wakili alisema kwa safari za kimataifa malalamiko ya begi lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7 na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea, sisi ni wa ndani ila nimeona nisivuke siku 7 kwa lolote, mapema ni bora.

Jioni nimeandika barua pepe moja. Nimepanga kwa tarehe, Jumamosi nini kilitokea, Jumapili nini, nimeambatanisha tiketi, ile barua pepe ya kufuta safari, risiti ya chakula cha mama, ya teksi mpaka Gongo la Mboto, tiketi za treni, picha za begi na namba ya ripoti. Sijatukana mtu. Nimeandika pia kuhusu yule dada wa kaunta aliyeniambia ukweli kwamba ni hitilafu, nimeomba asiadhibiwe bali wafundishe wengine wafanye kama yeye, na aya ya mwisho nimeitumia kuomba tu kwamba abiria wagonjwa na wazee waambiwe muda halisi ili wajue saa ya kula na saa ya dawa.

Alhamisi

Wamejibu. Hela ya kipande cha Dar kwenda Dodoma wanarudisha, imeandikwa ndani ya siku 14 za kazi. Chakula wamekubali. Zipu watalipa nikileta risiti ya fundi, fundi wa mabegi pale sokoni Majengo ameshaibadilisha na nimemwomba aniandikie. Teksi na treni wamekataa, wanasema ni uamuzi wangu binafsi. Nimewajibu leo mchana kwamba nafasi waliyonipa ilikuwa siku mbili mbele na nina mgonjwa, na nimeweka nakala kwa baraza la watumiaji la TCAA. Wakinijibu nitaandika hapahapa walichosema.